Jiwe la Tisini na Moja

Abaayo Sahra, dada yangu,

Hooyo, mama yetu, amenikataza nisikuandikie. Amesema mtu aliyeninyamazia miaka saba ana sababu zake, basi nitulie. Tangu lini mimi nikatulia? Ningekuwa mtu wa kutulia, usingekuwa Liboi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyotumia kumfichia hooyo mambo. Mimi nilirudi nayo likizo kutoka shule ya bweni kule Garissa, wewe ukaidaka neno kwa neno mpaka ukanipita na kuanza kunisahihisha. Na naiandika wazi, isomwe na yeyote. Nakala yako ataileta binti yako Hodan kwenye mfuko wake. Nyingine nitaibandika ukutani pale dukani Sangailu, njia ya kwenda silangani tunakonyweshea mifugo, kwa sababu ubaya nilioufanya niliufanya mbele ya watu na wengi wao bado hununua sukari pale.

Unakumbuka ile bastola ilivyofika? Abti, mjomba wetu aliyeko ng'ambo, alituma katoni, ndani mna nguo, marashi ya hooyo, na kitu cha plastiki nyekundu chenye mdomo mpana na kioo kidogo nyuma. Aabo, kwa ukali wake wa baba, alipoona umbo lake alikupiga kofi la mkono, kikaanguka mchangani. Kwetu kitu chenye umbo la bunduki hakichezewi, hata kiwe cha peremende. Wewe ulingoja aende msikitini, ukakiokota, ukamlenga mbuzi, ukabonyeza. Kioo kikaandika nane. Mbwa akamkimbiza yule mbuzi, kikaandika kumi na tisa. Ukanigeukia mimi kaka yako umetoa macho, ukasema, "Abowe, hii inahesabu mbio!"

Basi tukapima dunia nzima. Tulipima malori ya mifugo yanayokwenda mnadani, tukampima hooyo akimfukuza kuku, tukampima sheikh kwenye pikipiki yake. Hata aabo alilainika. Alikuwa anajifanya anapita tu, halafu anauliza kwa pembeni, yule ngamia wangu mweusi leo ngapi? Wewe ulikuwa unasoma namba kwa sauti ya mtangazaji wa redio, unavuta kila neno, na sisi wote tunakaa kimya kungoja. Ulikuwa na miaka kumi na mbili na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuishika bastola ile isipokuwa wewe.

Halafu yakaja mawe, na hapo ndipo mimi nilipoharibika.

Nilianza na hamsini. Binamu zetu walikuwa wanafika hamsini na tano, sitini, wakaishia hapo. Mimi nilikuwa napanda. Sabini. Sabini na nane. Nilikuwa narusha asubuhi mpaka bega linavimba, halafu nakuja kukuita ukiwa unachota maji nikitaka unipime. Nilimtoboa punda wa jirani jicho. Nilimvunja binamu yetu mfupa wa bega katika mchezo, na alipokuwa analia chini, mimi nilikuuliza, "Ngapi?" Ulikataa kusoma. Nikakushika kifundo cha mkono nikakisokota mpaka ukapiga magoti, na ukasoma huku kamasi zinakutoka. Sabini na nne. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa ndogo. Sikuwahi kukuomba radhi kwa mkono ule, na ninajua wewe hujasahau, maana tangu siku ile sauti ya redio iliisha.

Nilipofika miaka ishirini nikagonga tisini na moja. Jina langu la Yusuf likafa. Kuanzia Kotile mpaka huku kwetu nikawa Tisini. Watoto nisiowajua walikuwa wananiita hivyo barabarani na mimi kichwa kinavimba. Nilijiona mtu kweli.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Silanga letu lilibaki tope katikati, na wale ndugu zetu wa upande wa pili wakaja na ngamia wao kwa kuwa kwao kulikuwa kumekauka kabisa. Siku mbili za kwanza tulipangana vizuri. Siku ya tatu Gedi, kijana wao mmoja, akaingiza ngamia wake kabla ya zamu. Binamu yetu akamzuia, Gedi akamzaba kofi, na fimbo zikaanza. Fimbo ni kitu cha kawaida, mtu anavimba kichwa, jioni mnakunywa chai. Lakini mtu fulani akarusha jiwe. Kisha sote tukarusha.

Mimi nilirusha saba. Nayajua kwa sababu niliyaokota mapema nikayapanga kwenye shuka kiunoni. Nilirusha kwenye vumbi, kwenye watu, simwoni yeyote, nasikia tu yanapotua, na nikuambie ukweli ambao sijamwambia sheikh wala aabo: nilikuwa nafurahi. Vumbi lilipotulia Gedi alikuwa amelala kando ya hori la maji. Paji la uso lilikuwa limeingia ndani, na mguu mmoja bado unapiga chini. Damu yake iliteremka kwenye maji na ngamia waliendelea kunywa. Alikata roho njiani, kabla gari halijafika Kotile.

Ni jiwe langu? Mpaka leo sijui. Tulikuwa vijana karibu ishirini tunarusha.

Kaka zake Gedi walinikuta dukani siku ya pili. Walinipiga kwa mateke na kwa mpini wa shoka, na meno mawili ya mbele niliyatemea kwenye gunia la mchele. Dekow, kaka yao mkubwa, alinikanyaga mkono wa kulia akasaga kwa kisigino. Alitaka kuuvunja. Haukuvunjika, na laiti ungevunjika.

Wazee walikaa darasani, kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yamewafika kidevuni. Wewe na hooyo mlikuwa dirishani mnasikiliza na wanawake wengine. Hukumu yao aliielewa hata mtoto. Kama aliyetupa hajulikani, basi ametupa kila mmoja, na ngamia wa damu watatoka kwa kila boma la upande wetu, jambo liishe. Lakini kama anajulikana, nyumba yake itatoa ngamia, na itatoa pia msichana aolewe kwa kina Gedi, azae mtoto mahali pa yule aliyekufa. Sheikh alisimama akapinga. Alisema binadamu hatolewi fidia, na ndoa bila ridhaa ya mwanamke si ndoa mbele ya Mungu. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa chai, wakaendelea.

Dekow akasema anajulikana, anaitwa Tisini. Kijana gani mwingine ana mkono wa kuvunja paji la uso kwa umbali ule?

Na hapo mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akakumbuka chombo chako. Akasema kile kitu hakina ukoo, hakili rushwa, wala hakiogopi mtu. Kijana atupe mara tatu mbele ya wote. Vijana wengine wanajulikana, hakuna aliyewahi kupita sitini na tano. Akivuka sabini, ni yeye. Asipovuka, ni wote. Wazee wenye akili, watu waliomaliza vita vya visima tangu hatujazaliwa, wakakubali mtu ahukumiwe kwa kitu cha kuchezea cha plastiki. Hakuna aliyesema kwamba chombo kinaweza kupima mkono lakini hakiwezi kusema jiwe gani lilimpata Gedi. Hata mimi sikusema. Nilikuwa tayari nawaza namba.

Alasiri ile ulikuwa unakamua mbuzi. Nilikukuta umeegemeza kichwa kwenye ubavu wake, na kile kisanduku cha bastola kiko karibu na wewe. Nilijua kilichomo ndani pamoja na bastola: ile barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi Garissa, imekunjwa mara nne. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na nyumbani hakuna msichana mwingine. Uliniambia kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa:

"Abowe, kesho tupa kama mtu mwenye homa."

Nikasema sawa.

"Hamsini inatosha. Sema mkono unauma, Dekow ameukanyaga, kila mtu ameona. Hakuna atakayekulaumu. Nisaidie."

Nikasema sawa, nimesikia. Uliniamini. Ulimaliza kukamua ukanipa maziwa ya kwanza.

Kesho yake kulikuwa na watu silangani kama siku ya Idi. Walikutaka wewe ushike bastola kwa sababu ndiwe uliyeijua, na mwalimu mkuu akasimama karibu yako kuthibitisha. Nilitupa la kwanza kwa ulegevu. Ukasoma, "Arobaini na nane," na baada ya miaka mingi nikaisikia sauti ya redio. Aabo alikuwa na tasbihi, nikaona midomo yake inacheka. La pili, hamsini na moja. Ulikuwa karibu kuruka.

Wale wa upande wa pili walianza kucheka. Vijana wetu, wale walionipa jina, walianza kutazama viatu vyao. Nikasikia mmoja anasema ule mkono ulikuwa uongo wa dada mtu tangu zamani. Dekow akaja mpaka karibu, akatema mate kwenye vidole vya miguu yangu. Akageuka akawaambia watu, kwa utulivu kabisa:

"Huyu mlimwita Tisini? Mwiteni Sahra."

Kicheko kilichofuata bado kiko masikioni.

Jiwe la tatu lilikuwa limeshaondoka kabla sijajua. Hapana, huo ni uongo, na nimeapa nisikudanganye. Nilijua. Nilichagua jiwe. Nililoliokota kwanza nililiacha kwa sababu lilikuwa jepesi. Nilirudi hatua tatu nyuma, nikakutazama, ukawa unatikisa kichwa polepole, hapana, hapana, na mimi nikarusha kwa nguvu zote za mwili wangu.

Uliinamia kioo. Mwalimu akasogea akaangalia juu ya bega lako. Mzee akakuambia usome. Ukasoma mwenyewe, kwa kinywa chako.

"Tisini na moja."

Vijana wetu walipiga makofi. Wallahi walipiga makofi, kwa sekunde mbili tatu, mpaka walipokumbuka namba ile ilikuwa na maana gani. Na mimi, Sahra, nilitabasamu. Pengo langu la meno mawili liko nje, natabasamu. Niligeuka kukutafuta nikakuona umekaa chini mchangani, umeikumbatia bastola, na hooyo anakuja mbio na viatu mkononi.

Walikuchukua baada ya mwezi mmoja, wakakupeleka Liboi mpakani uwe mke wa Dekow. Hukulia na hukunitazama. Bastola uliitia kwenye mzigo wako, barua ya chuo ukamwachia hooyo, ambaye hajui kusoma, na anaihifadhi mpaka leo ndani ya mkoba wa hati za kitambulisho. Aabo hakuzungumza nami tena kuhusu jambo lolote isipokuwa mifugo. Alipofariki, mwaka wa tatu baadaye, alikuwa anamwita ngamia mweusi na anakuita wewe.

Kabla ya hapo ikaja habari kwamba Dekow amekuvunja mkono kwa fimbo ya ngamia. Yule mwanamke anayeuza nguo kutoka mpakani ndiye aliyemwambia hooyo, akaongeza kwamba alikuona pia jicho limeziba. Nilipanda lori la mbuzi mpaka Garissa, na lingine mpaka Liboi, na kila kizuizi walinipapasa, wakakuta jiwe moja mfukoni wakacheka wakanirudishia. Nililiokota silangani kwetu. Niliapa nitampasua Dekow kichwa kama alivyopasuka ndugu yake.

Ulitoka mlangoni mkono umefungwa kwa vipande vya mbao, tumbo kubwa. Dekow alikuwa nyuma yako uani, amekaa kwenye debe, hana hata fimbo. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono. Ukaniambia neno la mwisho ulilowahi kuniambia:

"Ukitupa, watachukua nani tena? Una dada mwingine?"

Ukafunga mlango. Nilisimama barabarani na lile jiwe mpaka askari akanifukuza. Nililiacha Liboi. Tangu siku ile sijarusha kitu chochote, hata mbwa akiingia jikoni hooyo ndiye anayemtupia kandambili. Ukipiga simu unasema "mpe hooyo" kana kwamba unaongea na mashine, nami nampa.

Mwezi huu shule zilipofungwa ukamtuma Hodan kwa nyanya yake. Sikuamini macho yangu. Ana miaka sita na ana kidevu chako, kile cha kubishana. Alikaa siku mbili ananikagua. Siku ya tatu akafungua mfuko akatoa ile bastola, rangi imechujuka, mdomo umefungwa kwa utepe mweusi, betri mpya. Akanilenga kifuani.

"Abti, mama amesema nikupime. Utupe jiwe, halafu nimpigie nimwambie namba."

 Nilimuuliza mama amesema nini tena, akasema basi, amesema hivyo tu.

Tulitoka uani. Hooyo akaja akaegemea mlango. Nikaokota jiwe, na nikuambie aibu yangu yote: mbele ya mtoto wa miaka sita, na mbuzi, na mama yetu mzee, mkono huu ulitaka tisini. Bega lilijikunja lenyewe, hatua tatu za nyuma miguu ilizipiga bila kuniuliza. Nilijizuia kama mtu anayezuia ngamia dume kwa kamba. Jiwe likaenda, likaanguka karibu na jiko.

"Ishirini na mbili," akasoma Hodan. Akacheka mpaka akakaa chini. "Abti, hujui kutupa!"

Akakupigia. Nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu. Alikuambia ishirini na mbili, nikasikia adhana ya Liboi kwenye simu. Kisha ukamuuliza swali moja. Uliuliza kama kulikuwa na watu wanaangalia. Hodan akageuka huku na huku akasema hapana, ni mimi na nyanya tu. Ukakata.

Ndiyo, Sahra. Ulinikamata vizuri.

Basi juzi Ijumaa, baada ya swala, nilimwomba sheikh awaambie watu wasitawanyike. Walikuja silangani wengi, wa kwetu na wa kina Gedi, maana mvua imenyesha na wamehamia karibu. Wengine wana ndevu sasa, ni wale wale waliopiga makofi. Hodan akasimama pale uliposimama. Nikawaambia niko hapa kutupa jiwe nililoombwa na dada yangu nikalikataa. Mmoja akapaza sauti, "Tisini, onyesha!" wakaanza kulisema lile jina kwa pamoja. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Nilitupa. Ishirini na moja. Hodan alisoma kwa sauti ya redio, sijui alifundishwa na nani.

Walicheka, tena kwa nguvu. Mtoto wa binamu yetu alirusha kokoto lake likapita langu. Kijana mmoja wa kina Gedi akasema kwa hiyo huyu ndiye aliyemuua mjomba wetu? Akasema tena, taratibu, kama anajiuliza mwenyewe, na wachache wakaacha kucheka. Nikasimama pale, mikono imening'inia, wakacheka mpaka wakachoka wakaenda kula.

Jioni Hodan alikupigia. Akakueleza namba, akakueleza watu walivyojaa na walivyocheka, halafu, bila kuambiwa na mtu, akaniwekea simu sikioni. Sikusema neno. Nawe hukusema neno. Lakini hukukata. Nilikusikia ukipumua mpaka salio likaisha.

Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Bastola nimeirudisha kwenye mfuko wa Hodan, na chini yake nimeweka barua yako ya chuo, imekunjwa vile vile mara nne. Hooyo ameitoa kwa mkono wake. Kuchelewa miaka saba si kitu kwa anayetaka kuwa muuguzi, na Dekow akikuzuia, nitakuja Liboi tena, mikono mitupu, na sheikh pamoja nami.

Jumatatu lori linaondoka na mtoto wako. Mpokee salama, abaayo. Huku watoto wa barabarani wameshanibadilisha jina.

Ni mimi kaka yako,
Ishirini na Moja.